"Mwache Mzee Apumzike" na Dhana Nyingine Zinazowakalisha Wazee Wetu

"Mama kafanya kazi ya kutosha, sasa apumzike." Maneno haya nayasikia sana kliniki, na anayeyasema huwa ni mtoto mwema kabisa. Kanunua makochi, kaweka televisheni kubwa, kaajiri dada wa kazi, na bibi haruhusiwi hata kuchambua mchele. Baadaye ananiletea mama huyo huyo ameshikwa huku na huku, ananiuliza mbona miguu imeisha nguvu.

Imeisha kwa sababu mmeistaafisha. Msuli usiotumika hunyauka, na wa mzee hunyauka upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti walichokiona kwa wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10: kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo nzima ya nyama za miguu. Hawakuwa wagonjwa, walipumzishwa tu. Na kinyume chake kimeonekana pia. Mwaka 1990 huko Boston, wazee wa miaka 86 hadi 96 walinyanyua vyuma kwa miguu wiki 8, na nguvu zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Basi msiniambie bibi wa miaka 71 "umri umeenda".

Mpimeni wenyewe nyumbani. Chukueni kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemezeni ukutani, mzee akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa kwa sekunde 30 huku mtu amesimama karibu naye. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Zoezi ndilo hilo hilo: asimame na kukaa kila siku, kidogo kidogo. (Na makochi ya kuzama mimi nina ugomvi nayo. Mzee akishaingia humo hatoki mpaka avutwe.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kumpumzisha huku kunamkata na watu. Vikoba haendi tena, kwaya kaacha, msibani anaambiwa "tutakuwakilisha". Babu aliyekuwa akitembea hadi kijiweni kucheza bao sasa anaangalia taarifa ya habari peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mzee apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuweka mwili sawa usiyumbe siku 3 au zaidi. Kwenda na kurudi kijiweni kwa mguu ni sehemu kubwa ya dakika hizo, na huko anabishana, anacheka, anatafuta mbinu ya kula kete za mwenzake. Sina dawa ya kumwandikia inayofanya yote hayo.

"Ana presha na magoti, mazoezi yatamuua." Presha iliyodhibitiwa kwa dawa haizuii kutembea, bali kutembea husaidia kuishusha. Goti lililolika nalo, mazoezi ni miongoni mwa tiba zake za kwanza. Akibanwa kifua au akiona kizunguzungu, aache zoezi na aje hospitali.

"Kusahau ni uzee tu." Kusahau miwani ilipo, sawa. Kupotea njia ya nyumba aliyoishi miaka 30 ni ugonjwa. Mleteni.

"Macho mekundu ni uchawi." Hapa sina hata subira. Ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote, na vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa ujinga huu.

"Shughuli za wazee ni Oktoba." Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, kuna hotuba na kanga za kugawa, halafu? Ulizeni serikali ya mtaa baraza la wazee linakutana lini, mzee aende. Kama halikutani, wazee watatu na mkeka chini ya mwembe wanatosha kuanza.

"Akianguka njiani je?" Wazee wengi huanguka humo humo ndani mnamowafungia. Ondoeni zulia linaloteleza, tupeni kandambili zilizolika, wekeni taa njia ya chooni, na ikifika saa kumi jioni mfungulieni geti.