Kombora la kuzamisha meli linalorushwa na ndege: ni nini hasa?

Kombora la kruzi ni chombo kisicho na rubani, chenye mabawa mafupi, injini na vifaa vya kujiongoza, ambacho huruka kama ndege mpaka kinapogonga. Likiundwa kwa ajili ya kupiga meli, na likabebwa na ndege ya kivita au helikopta, ndiyo silaha ninayoieleza hapa. Bomu la kawaida hudondoka. Kombora la balistiki hupanda juu sana kisha hushuka kwa kasi. Hili aghalabu huinama likakaribia mawimbi, na kwenda mita chache tu juu ya maji.

Habari za Bahari ya Shamu zimewachanganya wengi. Makombora ambayo Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walianza kuzilenga meli za mizigo nayo mwishoni mwa 2023 yalirushwa kutoka nchi kavu, si kutoka kwenye ndege. Lakini hofu kwa baharia ni ile ile, na hasara ilitufikia hata sisi wa Kisumu, Kenya, tulio mbali na bahari: chai ya Kericho na Nandi inayouzwa Misri na Uingereza hupita njia hiyo.

Kwa nini kombora liruke chini hivyo? Simama ufukweni Dunga, hapa Kisumu, utazame Ghuba ya Winam. Macho ya mtu mzima huishia kama kilomita 5 juu ya maji. Mtumbwi ukivuka hapo, huanza kuzama machoni kuanzia chini, kwa kuwa dunia ni mviringo. Panda vilima vya Riat na mtumbwi ule ule utauona tena. Rada nayo hubanwa karibu vivyo hivyo. Rada iliyo mita 20 juu ya maji haiwezi kuliona kombora linaloruka mita 3 juu ya bahari mpaka likaribie kilomita 25 hivi. Kombora hilo likienda mita 300 kwa sekunde, mabaharia wamebakiwa na chini ya dakika moja na nusu kulitambua, kuamua na kujikinga. Kwa maoni yangu, ukali wa silaha hii umo katika dakika hiyo kuliko katika baruti yake.

Ndege huongeza mambo mawili: kulifikisha kombora mbali na kulificha. Mei 4, 1982, katika vita vya Argentina na Uingereza juu ya visiwa vya Falkland, ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard ziliruka chini karibu na maji, zikapanda kwa muda mfupi ili rada zao ziitafute shabaha, zikarusha makombora mawili ya Exocet yaliyotengenezwa Ufaransa, kisha zikageuka kurudi. Moja liliipiga manowari ya Uingereza, HMS Sheffield. Watu 20 walikufa, moto ukasambaa, na Mei 10 meli ikazama ikiwa inavutwa. Mwaka huo huo Waingereza walianza kufunga rada kubwa kwenye helikopta za Sea King. Waliliinua jicho, maana wakati wa vita hawakuwa na ndege ya kuwaonya kutoka juu.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mnamo 1943 Wajerumani walitumia Hs 293, bomu lenye mabawa na roketi, ambalo mtu ndani ya ndege aliliongoza kwa redio huku akilitazama. Agosti 27 mwaka huo liliizamisha manowari ya Uingereza, HMS Egret. Udhaifu wake ulikuwa wazi: ndege ililazimika kubaki karibu na hatari. Exocet na Harpoon ya Marekani ziliondoa kifungo hicho. Kombora hupewa mahali pa kwenda, husafiri lenyewe, na likikaribia huwasha rada yake ndogo kutafuta meli. Leo India inarusha BrahMos kutoka ndege za Su-30, kombora lenye kasi inayokaribia mara tatu ya sauti.

Rada hiyo ndogo ndiyo inayonitia wasiwasi. Huona chuma kikubwa juu ya maji, haioni bendera. Mei 25, 1982, manowari za Uingereza zilirusha hewani vipande vyembamba vya metali ili kuyapumbaza makombora ya Exocet, na yakaishia kwenye Atlantic Conveyor, meli ya biashara iliyochukuliwa na serikali kubeba vifaa na helikopta. Watu 12 walikufa, wakiwemo mabaharia wa kiraia. Mei 17, 1987, ndege ya Iraq iliipiga manowari ya Marekani, USS Stark, katika Ghuba ya Uajemi kwa makombora mawili ya aina hiyo, ikaua mabaharia 37 wa nchi ambayo Iraq haikuwa ikipigana nayo. Baadhi ya makombora mapya hutazama joto la meli na kulilinganisha na picha zilizowekwa ndani yake kabla ya safari. Picha hizo huchaguliwa na binadamu, na yeye ndiye anayepaswa kujua ni nani walio ndani ya meli hiyo kabla ya kuliachia.