Uzi, globu na njia panda ya Uyole

Juzi tena. Tupo banda la chai pale Soweto, hapa Mbeya, baridi ya Julai imetufanya tukumbatie vikombe kwa viganja vyote viwili, na kijana wa bajaji ananiambia kwa uhakika: "Mwalimu, Wamarekani wanaitaka Greenland kwa ajili ya madini tu." Wenzake wakaitikia. Nafundisha jiografia kidato cha tano na sita, na kauli hiyo imenichosha, maana inafuta nusu ya somo langu: mahali kitu kilipo.

Kuhusu ukubwa wa kisiwa hicho kilicho chini ya Denmark nisipoteze muda: ramani ya Mercator, ile bapa inayokuza nchi zilizo karibu na ncha za dunia, inaichora Greenland karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika inaizidi mara 14. Barafu imefunika asilimia 80 hivi. Watu hawafiki 60,000.

Sasa chukua globu na uzi. Bana ncha moja Moscow, nyingine Washington, kisha vuta mpaka ukaze. Uzi haukai pale ulipoutarajia. Unapanda kaskazini, unapita juu ya Iceland na kugusa kusini mwa Greenland. Kombora la masafa marefu linapita njia fupi za namna hiyo, ndiyo sababu Marekani imeweka rada ya kuonya mapema Pituffik, kambi yake huko Greenland iliyoitwa Thule hadi 2023. Darasani kwangu kelele huisha mwanafunzi anapouvuta uzi kwa mkono wake mwenyewe.

Na sisi wa Mbeya tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Kiwanja pale Uyole, barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka ile kuu, nani anakinunua ili alime viazi? Bei yake inatokana na malori yanayosimama.

Tazameni miaka, ndugu zangu. Mwaka 1946 serikali ya Rais Truman wa Marekani iliiahidi Denmark dola milioni 100 za dhahabu ili iuze kisiwa. Kilichowakosesha usingizi wakati ule kilikuwa ndege za Wasovieti kuja kwa njia ya ncha ya kaskazini. Denmark ikagoma kuuza, lakini mwaka 1951 ikasaini mkataba wa ulinzi ulioiruhusu Marekani kuweka kambi. Wakapata mahali bila kupata hati. Diego Garcia, huku kwenye bahari yetu ya Hindi, ni hivyohivyo: kisiwa cha minazi, hakuna mgodi hata mmoja, na bado mwaka 1966 Uingereza ilikubaliana na Marekani kitumike kijeshi. Madini yako wapi hapo?

Ila kuna mahali hoja yangu mwenyewe inachechemea, na vitabu vya kiada havipagusi. Kama mkataba wa 1951 unawatosha kwa rada na viwanja vya ndege, umiliki wanautakia nini? Naelekea kuamini kwamba shida kubwa ni kumzuia mwingine asiingie. Mwaka 2018 kampuni ya ujenzi ya China ilipokuwa ikiwania kujenga viwanja vya ndege Greenland, Denmark ilitoa fedha zake haraka. Madini adimu nayo yamo, sikatai. Ila tangu sheria ya kujitawala ya 2009 mamlaka juu yake ni ya Wagreenland wenyewe, na mwaka 2021 bunge lao lilipiga marufuku kuchimba urani, mradi wa madini adimu wa Kvanefjeld, ambako kuna urani pia, ukakwama. Neno ninalolipinga ni "tu".

Kijana wa bajaji alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza: "Na wenyeji walipelekwa wapi?" Nikamwambia. Waliokuwa jirani na Thule walihamishiwa Qaanaaq, kaskazini zaidi, mwaka 1953. Wachagosi, wenyeji wa Diego Garcia na visiwa jirani, waliondolewa visiwani mwao kati ya 1968 na 1973, wakashushwa Mauritius na Shelisheli, na mbwa wao waliuawa kwa gesi. Akaweka kikombe chini, akaniomba nirudie hiyo ya mbwa.