Leso Ikikunjwa Jina Halisomeki: Maswali Kuhusu Seli T

CD4 ndizo seli T?

Ni kundi mojawapo. Seli T ni askari wa kinga ya mwili, na zote hukomaa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. CD8 huua seli zilizoambukizwa. CD4 nyingi huelekeza wenzao, na chache kazi yao ni kutuliza.

Mbona moja iwashe vita na nyingine izime, na DNA, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, ni ile ile?

Pita Biashara Street, Mombasa, utazame leso dukani. Zimepangwa hadi darini, waona rangi na kipande cha pindo tu. Jina husomi mpaka muuzaji aitandaze. DNA ya seli moja ukiinyoosha inakaribia mita 2, nayo imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, ikashindiliwa ndani ya kiini ambacho jicho halikioni. Mkunjo huo ndio kromatini.

Jeni, yaani kipande cha DNA chenye agizo, ikifichwa humo haisomeki. Protini za kundi liitwalo BAF hutumia nishati kuzisogeza histoni. Alama za kemikali ziitwazo asetili hulegeza mkunjo. Baadhi ya alama za methili huukaza. Na muuzaji hatandazi duka zima, hungoja mteja aseme. Kwa seli T, mteja ni ujumbe wa kemikali kutoka seli zilizokutana na kidudu.

Ikifunguka au kufungika vibaya?

Seli za kutuliza hutegemea jeni iitwayo FOXP3 ibaki wazi. Mtoto akizaliwa na FOXP3 mbovu, kinga yake humgeukia yeye mwenyewe: matumbo, ngozi, hata kongosho. Ugunduzi wa seli hizi na jeni hiyo uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobeli mwaka 2025. Haki yao, kwa maoni yangu.

Natumia ARV na kipimo hakioni virusi. Nikiacha, vyarudi kutoka wapi?

Swali hili naulizwa kuliko yote. Virusi vya Ukimwi hujipachika ndani ya DNA ya CD4. Baadhi ya seli hizo hulala, kromatini ikajifunga, navyo vikanyamaza humo. ARV huvizuia vinavyozaana; kilicholala mkunjoni hazikigusi. Ukiacha dawa, seli ikiamka mkunjo hufunguka, na mara nyingi ndani ya wiki chache virusi vimerudi damuni. Watafiti walijaribu kuviamsha makusudi kwa vorinostati, dawa ya saratani inayolegeza mkunjo. Baadhi viliamka, lakini akiba ya vilivyolala haikwisha.

Habasoda je, haiwezi kuvitoa?

Hapana. Ukiitumia, mwambie mfamasia wa kliniki yako, na kidonge usikiruke.