Mbwa kakatika ligamenti ya goti, je sindano ya jointi inaokoa gegedu?

Swali: Vet kasema ligamenti (ile kamba inayofunga mifupa) ya goti la nyuma imekatika. Gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye jointi, inaingiaje hapo?

Ile ligamenti ndo inauzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele mbwa akikanyaga, sasa ikikatika unateleza kila hatua, gegedu inasuguliwa, jointi inavimba na kutoa kemikali zinazoila gegedu yenyewe, na gegedu haina mishipa ya damu kwahiyo ikishalika hairudi kama zamani. Mwaka 1973 watafiti Pond na Nuki waliikata hiyo ligamenti kwa mbwa wa majaribio na magoti yakasagika kama ya wazee wetu.

Swali: Wanachoma nini?

Zipo kadhaa. Asidi ya hayaluroniki, inayofanana na ute wa jointi, majaribio mengine imelinda gegedu mengine haikuonyesha kitu. Kuna plazma (maji ya damu) yenye chembe sahani, zile chembe zinazogandisha damu, inayotengenezwa na damu ya mbwa mwenyewe. Halafu steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, hapa naomba mnisikilize vizuri: kwa mbwa wa majaribio ilipunguza vidonda vya gegedu, lakini utafiti wa Marekani uliotoka 2017, kwa binadamu wenye magoti yaliyosagika, waliochomwa triamsinoloni, ambayo ni steroidi, kila baada ya miezi mitatu kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakupishana. Kwahiyo vet akitaka kurudiarudia steroidi muulize sababu.

Swali: Si nichome tu niachane na opereshen?

Hapana jamani. Sindano inatuliza uvimbe, haifungi goti lililolegea, na mbwa akipata nafuu anaanza kurukaruka wakati mfupa bado unateleza, ndo anamalizia kuharibu. Mbwa mkubwa mara nyingi anahitaji opereshen, wale wa chini ya kilo 15 wapo wanaopona kwa kupunguzwa uzito na kufungiwa wasikimbie wiki kadhaa. Na kama opereshen ipo kwenye mpango mwambie daktari kabla hajachoma, maana steroidi ikikaa karibu na opereshen inaongeza hatari ya infeksheni.

Swali: Nyumbani niangalie nini?

Baada ya sindano akichechemea kidogo siku ya kwanza sio ishu. Ila goti likivimba, likawa la moto, agome kabisa kukanyaga, mrudishe siku hiyohiyo, bakteria wakiingia kwenye jointi wanaila gegedu haraka sana. Na tafadhali usimpe diklofenaki wala ibuprofeni zako za kabatini, zinamtoboa tumbo na kuua figo.