Geko chui kususa kula msimu wa baridi, maana yake nini hasa

Hii kitu inawatesa sana watu wanaofuga geko chui, yule mjusi wa madoadoa anayeitwa leopard gecko kwa Kiingereza. Mnyama alikuwa anakula vizuri tu, ukimwekea nyenje anamkimbiza kizimba kizima, alafu siku zinaanza kuwa fupi, kibaridi kinaingia, na sasa nyenje anampita mbele ya pua wala hana habari naye. Wiki ya kwanza unasema labda kashiba, wiki ya pili unaanza kukosa usingizi wewe. Hiyo ndo inaitwa kususa kwa msimu, na kwa geko mkubwa mwenye afya mara nyingi sio ugonjwa, ni mwili wake unafata majira.

Kuelewa inabidi ujue katokea wapi. Kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, nchi kavu ya mawe na nyasi chache, na watu wengi wanadhani kule ni joto mwaka mzima lakini wapi, baridi ya huko ni kali haswa na wadudu wanaadimika. Alafu geko hatengenezi joto mwilini kama sisi, analipata kwenye jiwe alilolalia, kwa hiyo baridi ikishika anajificha kwenye mwanya wa mawe, mapigo ya moyo yanapungua, mwili unatumia kidogo kidogo yale mafuta aliyohifadhi mkiani. Ule mkia mnene ni ghala lake la chakula.

Kule kupoa kabisa kitaalamu kunaitwa brumesheni. Jina lilipendekezwa mwaka 1965 na mtafiti Mmarekani, Wilbur Mayhew, kutoka neno la Kilatini bruma, yaani zile siku fupi kabisa za majira ya baridi, ili isichanganywe na usingizi mrefu wa wanyama wenye damu moto. Na kweli ni vitu tofauti, geko aliyepoa halali fofofo miezi yote, kuna siku anaamka, anasogea, anakunywa maji, ndo maana bakuli la maji halitolewi hata kama hali chochote.

Sasa utauliza, wangu yuko ndani na hita inawaka, baridi anaijulia wapi? Hita ya chini inapasha sakafu tu, hewa ya chumba usiku inashuka bado, mwanga wa dirishani unapungua, na wapo wanaopunguza kula hata kama kila kitu kwenye kizimba kiko vilevile. Ukiwa upande wa kaskazini wa dunia utaiona zaidi kati ya Novemba na Februari, kusini ni kama Juni mpaka Agosti, kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu angalia kwanza yuko upande gani.

Hapa pa joto ndo ningependa watu wapaelewe kuliko pote. Chakula cha geko kinasagwa na joto. Sakafu ya pango lake la joto inatakiwa iwe kama nyuzi 31 hadi 33, tena ipimwe kwa kipimo kilichogusa sakafu yenyewe, sio kile cha kubandika kwenye kioo, na hita iwe na themostati, yaani kifaa kinachoizuia isizidishe joto. Ikishuka sana wakati tumboni kuna mende wawili, wale mende hawasagiki, wanaozea humohumo. Kwa hiyo hali mbaya kuliko zote ni ya katikati, yaani joto limepungua lakini bado unamlisha. Mimi msimamo wangu, kama hufanyi uzalishaji na hujawahi kusimamiwa na mtu anayejua, usimpoze makusudi, acha joto lake la kawaida, mpe mdudu mmoja wawili kila baada ya siku kadhaa, akikataa watoe. Usiwaache nyenje humo usiku maana wanamng'ata. Na usimfungue mdomo kwa nguvu jamani, wala usianze kumbembeleza na viwavi wa nta kila siku, wana mafuta mengi na akishawazoea atakataa vingine vyote.

Kuna kususa kwingine kunakuja baridi ikiisha na watu wanakuchanganya na huku. Ni msimu wa kuzaana. Jike anatengeneza mayai hata kama hajawahi kuona dume, ukimwangalia tumboni kwa chini unaweza kuona viduara vya rangi ya pinki kupitia ngozi, na anaweza kukataa chakula wiki kadhaa, basi muwekee kisanduku chenye udongo wenye unyevu maana akikosa pa kutagia mayai yanaweza kumkwama. Dume naye anahangaika, anazunguka usiku kucha, chakula hakitaki. Kujivua gamba nako kunakata hamu, ila hiyo ni siku moja mbili tu.

Utajuaje sasa kama ni msimu au anaumwa? Mizani. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, mpime siku moja ile ile kila wiki, andika. Geko wa gramu 60 akiwa 58 baada ya mwezi mzima wa kususa, yuko sawa, mwache apumzike. Akitoka 60 mpaka 52 ndani ya wiki tatu, huo sio msimu tena, na ukiona kapoteza zaidi ya asilimia 10 usisubiri, nenda kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Hivyohivyo akitapika, akiharisha, macho hayafunguki, au mkia unakonda haraka mpaka unabaki kama kijiti, maana kuna kidudu cha utumboni kinaitwa kriptosporidia kinachofanya hivyo, beba na kinyesi kibichi kikapimwe. Na mtoto chini ya mwaka mmoja hana ghala la kutosha mkiani, akigoma kula usimsingizie baridi.

Siku hamu ikirudi utajua tu, jioni utamkuta katoka pangoni anafata kidole chako nyuma ya kioo. Usimwagie wadudu kumi kwa furaha, anza na mmoja mdogo aliyepakwa kalsiamu, subiri anye, ndo uongeze.