Ndege mgeni uani kwako hajapotea

"Daktari, kapotea huyu, maskini. Tumempa maziwa."

Maneno hayo nayasikia kila vuli tangu nianze kutibu ndege hapa Dar, na Novemba iliyopita yalinifika kooni. Mama mmoja wa Mbezi Beach alinifungulia boksi la viatu. Ndani mlikuwa na kipanga wa Amur, dume, wa kijivu, miguu myekundu kama pilipili iliyoiva, manyoya ya kifuani yamegandana kwa maziwa.

Watu wanaamini ndege asiyezoeleka mtaani amepotea, basi akamatwe, alishwe, afugwe. Huyu alikuwa safarini. Kipanga wa Amur huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hupitia India, kisha huvuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Na mwili wake haufiki hata robo kilo! Hutufikia majira ya kumbikumbi, akala, akaendelea kusini. Ukimkuta ukutani kafumba macho, amechoka. Fukuza paka, mwache. Maziwa tumbo la ndege haliyawezi, na kumnywesha kwa bomba la sindano ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu tundu lake la pumzi liko nyuma tu ya ulimi: unadhani unamnywesha, kumbe unamjaza mapafu. Yule dume alikufa saa kumi jioni, akikoroma. Bahari nzima ameivuka, akazamishwa na vijiko viwili vya maziwa.

Wapo wanaopotea kweli, hasa makinda ya mwaka huo yakisukumwa na upepo. Hata hao, kama hawajaumia, waacheni. Aliyevunjika bawa mtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, pasipo kelele, bila chakula wala maji, umlete haraka. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

"Ana pete mguuni, ametumwa." Hapana. Ile ni namba ya watafiti. Mwaka 1822 korongo alionekana Ujerumani na mkuki wa Afrika umemchoma shingoni. Hapo ndipo Wazungu walipopata ushahidi wa wanakokwenda korongo wao wakati wa baridi. Siku hizi pete inafanya kazi hiyo bila kumjeruhi mtu. Piga picha ya namba, pete usiivue.

"Kasuku adimu ametua Mikocheni!" Huyo ni cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye mdomo mwekundu. Ni wa Tanzania hii hii, ila kwao ni bara, kusini mwa Ziwa Victoria. Wa hapa mjini ni uzao wa waliotoroka vizimbani, na wapo miaka mingi.

Na kabla hujanipigia, piga picha, hata ikiwa na ukungu: mdomo, miguu, mkia, ndege akiwa ubavu. Andika saa na mahali. Ukiniambia "ndege mkubwa, ana rangi nzuri", sina pa kuanzia.