Jamu kuganda maana yake nini?

Neno kuganda tunalitumia kwa mambo mengi. Maziwa yanaganda, damu inaganda, maji yanaganda yakawa barafu, uji uliosahaulika kwenye kikombe nao unaganda. Jamu ikiwa tayari pia tunasema imeganda. Ila kinachoigandisha si kile kinachogandisha maziwa, na asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza kilo nzima ya stroberi. Nazo stroberi hazingoji: ukizinunua soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, asubuhi, kesho yake zimeshaanza kulegea na kutoa maji.

Jamu inagandishwa na pektini. Hii imo ndani ya matunda yenyewe, kwenye kuta za seli, na ni moja ya vitu vinavyolifanya tunda bichi liwe gumu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1825 na mkemia wa Ufaransa, Henri Braconnot, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya kuganda. Matunda yakichemka, pektini inatoka na kuingia kwenye maji yake ikiwa nyuzi ndefundefu. Nyuzi hizo zikiachwa hivyo hazishikani, kwa sababu zinasukumana na kila mmoja umezungukwa na maji. Ukali wa ndimu unaondoa kule kusukumana. Sukari inayavuta yale maji. Jamu inapopoa, nyuzi zinanasana na kuwa wavu, mfano wa zile nyavu za wavuvi wa Matema, na sharubati yote inabaki imeshikiliwa humo ndani.

Ndiyo maana sukari ya jamu si ya utamu peke yake. Ukiipunguza nusu ukidhani unajali afya, wavu haufungi, na jamu yenyewe inawahi kuota ukungu. Kwa kilo moja ya stroberi mimi naweka sukari kilo moja na maji ya ndimu vijiko vinne vikubwa. Stroberi ina pektini kidogo ukilinganisha na tufaha, pera au ganda la limau, kwa hiyo robo ya stroberi zangu huwa hazijaiva sawasawa, zile zenye weupe karibu na kikonyo. Tunda likiiva kupita kiasi pektini yake imeshakatikakatika. Ukikuna tufaha moja la Makete ukalichanganya humo, unasaidia sana.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu, na mapishi mengi hayalisemi. Utasoma kwamba jamu iko tayari ikifika nyuzi joto 105. Hesabu hiyo ni ya pwani, ambako maji yanachemka kwa 100. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka karibu na 94. Mara ya kwanza niliifuata 105 kwa uaminifu, kipimajoto mkononi, nikichochea huku mvuke ukiniunguza vidole. Nilipomimina, mwiko ulisimama wenyewe. Asubuhi ile jamu ilikuwa ngumu kama peremende, ikinukia sukari iliyoungua. Kumbe kinachotakiwa ni nyuzi nne au tano juu ya pale maji yanapochemkia mahali ulipo. Kwetu hiyo ni 98 au 99.

Usipokuwa na kipimajoto, tumia sahani. Iweke dirishani; usiku wa Juni au Julai huku kwetu hata friji huihitaji. Dondoshea tone la jamu, subiri lipoe, kisha lisukume kwa kidole. Ngozi ya juu ikijikunja makunyanzi, epua. Likitiririka, rudisha sufuria motoni dakika mbili tatu, kwani kuchemsha mno nako kunaivunja pektini.

Kufunga chupa nako kunategemea mwinuko. Chemsha chupa za kioo tupu kama dakika 16, mimina jamu ikiwa ya moto, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, kaza mfuniko mpya. Halafu zitumbukize kwenye maji yanayochemka yazifunike kabisa: dakika 10 kwa Mbeya na Iringa, dakika 15 kwa Njombe na Makete, kwa kuwa maji ya huko yana joto pungufu zaidi. Mfuniko uliokwisha kutumika usiurudie, mpira wake umeshabonyea na hewa itapita.

Zikipoa, utasikia mifuniko ikilia tak, mmoja baada ya mwingine, katikati ikiingia ndani. Jamu yenyewe inaweza kuchukua hata siku mbili kuganda vizuri, usiitikisetikise. Kesho yake bonyeza kila mfuniko kwa kidole. Usiobonyea umeziba, weka kabatini gizani, hukaa mwaka. Unaobonyea na kurudi juu haujaziba: hiyo chupa iende kwenye friji, ianze kuliwa na chapati wiki hiyohiyo.